Chura Mwenye Pangaboi

Watoto wa Mkeka hufundishwa kuogopa pangaboi la boti kabla hawajafundishwa kuogopa mamba. Ndiyo maana asubuhi ile, Felisiana Lihawa alipoegemeza ngazi kwenye ukuta wa ukumbi wa baraza na kuanza kuifungua injini ya boti iliyotundikwa pale tangu enzi za babu zake, hakuna aliyemkemea. Wanawake waliokuwa wakisuka kamba kibarazani walimtazama tu. Walidhani anaipangusa vumbi.

Aliishusha, akaibeba begani, akapita katikati yao.

"Feli, unaipeleka wapi hiyo?" mmoja akauliza.

"Kazini."

Akaenda zake. Chini ya nyayo zake ardhi ilibonyea na kurudi, kama kawaida ya ardhi ya huko. Bonde la Kilombero lilijaa maji miaka mingi kabla yeye hajazaliwa, na maji hayakurudi yalikotoka. Waliobaki walikuwa wanakaa Mkeka, juu ya visiwa vya tete-shona, mmea uliotengenezwa maabara, ambao mizizi yake hutafutana majini na kushonana. Ukivileta visiwa viwili pamoja, baada ya siku chache huwezi kujua kimoja kilianzia wapi. Watu waliita jambo hilo ndoa, na siku hiyo pilau ililiwa. Kisiwa kikiugua, au dhoruba ikija, mpiga ngoma alizamisha ngoma yake kwenye mshono na kupiga talaka: pigo moja zito, kimya, pigo jingine, kimya, mpaka mizizi inaachia. Mizizi haina masikio. Inachosikia ni mwachano wa mapigo, na waliotengeneza mmea waliufundisha mwachano mmoja tu.

Hawakufikiria pangaboi. Mabapa yake nayo hupiga maji. Likizunguka polepole mno mizizi haishtuki, na likizunguka kwa kasi sana mapigo hushikana yakawa mtetemo mmoja usio na maana. Hatari ipo katikati. Pale katikati, pangaboi linatoa talaka.

Basi likapigwa marufuku, na injini ya mwisho ikaangikwa ukutani kama kichwa cha mnyama mla watu.

*

Mjomba wake, Mzee Protasi, alimkuta kwenye gereji ya zahanati, nusu mwili wake ukiwa ndani ya Chura.

Chura lilikuwa jina la gari la zahanati, na watu walimzungumzia kama kiumbe. Alikuwa na matairi manane manene na bodi ya plastiki iliyofinyangwa kama karai. Nchi kavu alipanda mawe na kuvuka matope. Majini alielea, akaogelea kwa kuzungusha matairi, mwendo wa mtu anayetoka kanisani akiwa na maongezi.

"Nimeambiwa umeiba injini ya baraza," alisema Mzee Protasi.

"Nimeiazima. Mwizi hapiti katikati ya watu saa tatu asubuhi. Nishikie bamba hili, mjomba."

Mzee akalishika, akijua kwamba ukishashika chombo cha fundi umeshaingia kazini. Yeye ndiye mpiga ngoma wa Mkeka. Juzi, kwa amri ya baraza, alikipa talaka kisiwa cha Mkiani, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa imeingiwa na kuvu jeusi ambalo lingekula Mkeka mzima. Amri ilikuwa ya haki, na hata Felisiana aliinyooshea mkono kuikubali. Baraza liliahidi kwamba Chura angewachukua watu wa Mkiani kabla kisiwa hakijafika mbali. Lakini mvua ilinyesha milimani, mto ukashuka kwa hasira, na Mkiani ikakimbia kuliko hesabu za mtu yeyote. Redio ya kisiwa ilisema wamekwishapita kona kubwa. Mbele yao yalibaki maporomoko ya Shuguli. Chura angeweza kuwafikia, kwa kuwa mto ungemsukuma. Kurudi, kwa matairi, asingeweza hata akiwa mtupu.

Alfajiri mwenyekiti wa baraza, Bi Tabu Ngwila, aliwaambia watu, "Tuwaombee." Neno hilo ndilo lililomfanya Felisiana atafute ngazi.

"Watu watasema unamfuata Remigi," alisema mjomba.

"Waseme. Remigi mwenyewe atasema hivyo, na hilo ndilo linaloniudhi."

Remigi alikuwa mumewe zamani, na alikaa Mkiani na mama yake. Mzee Protasi akacheka kidogo, kisha akainama kutazama, kwa sababu Felisiana alikuwa ameanza kutoboa nyuma ya Chura.

Plastiki haibebi injini. Ukiifunga hapo tu, itaondoka na kipande cha gari na kukuacha unakunywa maji. Kwa hiyo alikuwa amechomelea fremu ya chuma inayopita ndani mpaka kwenye chasisi, bamba likabaki nje, na kila tundu la bolti akalivisha ringi ya mpira aliyoikata kwenye tyubu kuukuu. Injini ingemvuta Chura makalio chini. Akahamisha betri na madumu ya mafuta mbele, puani. Aliweka bawaba ili injini ipandishwe anapotambaa nchi kavu. Mkono wa usukani akaurefusha kwa bomba la maji ili aufikie akiwa kwenye kiti chake. Petroli ilikwisha kuwa hadithi. Injini ingekunywa spiriti ya miwa, ile ya kuoshea vidonda, na kwa sababu spiriti ina njaa kuliko petroli alikuwa amepanua kijitundu cha kabureta kwa sindano.

"Na matairi?" mjomba aliuliza.

"Yatasimama. Yakizunguka yatatia povu, na pangaboi likikata povu halisukumi kitu."

Kisha akatoa tupa na kuanza kuyapunguza mabapa ya pangaboi, moja baada ya jingine. Mzee hakuhitaji kuelezwa. Mabapa madogo huzunguka kwa urahisi, na injini ingepanda kasi hadi juu kabisa, juu ya pale katikati penye talaka.

Waliijaribu nje ya vitalu. Mkeka wote umezungukwa na vitalu vya mpunga, tete changa zenye mizizi myepesi. Hazimbebi mtu, ukizikanyaga zinakumeza na kujifunika. Zinalisha visiwa vyote. Njia pekee ya kufika penye ardhi ngumu ni Mlango, mfereji mwembamba unaopita kati ya vitalu hadi gati la zahanati. Mzee Protasi alilala kifudifudi juu ya ubao ukingoni mwa kitalu, akatia kiganja majini. Felisiana akapita mbele yake, injini ikilia juu kama mbu aliyekasirika.

Mzee alikaa vile muda mrefu. Viganja vyake ndivyo vilivyojua, kuliko chombo chochote, kama mizizi imesikia.

"Tete hazijasikia," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa mtu aliyetarajia kukataa.

Felisiana hakungoja aanze kufikiria upya. Alifunga tela la kuelea nyuma ya Chura, akashuka na mto.

*

Mkiani ilikuwa inakufa kwa utulivu. Kingo zake zilikuwa zimegeuka uji mweusi, na nyumba mbili zilikuwa zimeinama kama wazee wanaosikilizana. Watu wote walikuwa wamekusanyika katikati, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri.

Remigi alishika kamba. "Nilijua utakuja."

"Umeona? Nilimwambia mjomba utasema hivyo. Pakia watoto kwanza."

Mama yake Remigi, Bi Venansia, alikuja na beseni kichwani. Alipanda kwenye Chura, akakaa kiti cha mbele bila kukaribishwa, akakagua bolti, bomba na fremu.

"Siku zote nilisema huyu msichana hajui kupika," alisema. "Sikusema hajui kazi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twende, maporomoko nayasikia."

Kweli yalisikika. Felisiana alihesabu vichwa, akapiga hesabu ya uzito, akaridhika. Ndipo alipoona kwamba kila mtu mzima alikuwa amebeba kitu: beseni, ndoo, sufuria, kiroba. Ndani yake kulikuwa na udongo, mweusi na uliolowa.

Hakuna mtoto wa Mkeka asiyejua udongo huo ni nini. Kitovu cha mtu huzikwa kwenye ardhi ya mlango wa nyumba aliyozaliwa, na akihama hukata bonge lile na kuondoka nalo. Huko aendako linapandwa mbele ya mlango mpya, na kuanzia hapo ni mwenyeji: ana shamba, ana sauti barazani, anazikwa. Asiye na udongo wake ni mgeni, hata akikaa mpaka mvi. Felisiana mwenyewe alikuwa na wake nje ya mlango. Alikuwa amepima spiriti, chuma na watu. Lililo mlangoni kwake kila siku hakulipima.

"Mizizi tumeikata yote na kuichoma," alisema Remigi alipomwona anatazama. "Ni udongo mtupu. Kuvu halimo."

"Sifikirii kuvu."

Alifikiria uzito. Lakini uji mweusi ulikuwa unafika miguuni mwa watu. Akawapakia wote, na vyombo vyao. Tela likazama hadi karibu na ukingo. Aliishusha injini, akavuta kamba ya kuwashia, akaelekeza pua ya Chura mtoni, juu, kulikotoka maji.

*

Mtoni hakukuwa na tete za kuachanisha, kwa hiyo injini ilikuwa huru kulia vyovyote. Iliwapandisha. Polepole, kwa ubishi, ikitema moshi wenye harufu ya baa, lakini iliwapandisha, na watoto kwenye tela wakaanza kuimba wimbo wa shuleni. Bi Venansia alishika beseni lake kwa mikono miwili, hakuimba.

Jua lilikuwa limeanza kuinama vitalu vilipoonekana, vya dhahabu, vikingoja mavuno. Felisiana aliingiza Chura ndani ya Mlango, na hapo akakuta kwamba mafuriko nayo yalikuwa yamegundua njia hiyo. Maji yalikuwa yanashuka mferejini kwa nguvu, yakibanana. Akasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho.

Injini haikupanda. Ililia chini, kwa sauti nene, kama mtu anayeinua gunia. Mabapa aliyoyapunguza kwa uzito wa watu bila udongo yalikuwa yanapiga maji na kushindwa, yanapiga na kushindwa, na yeye akasikia katika mifupa ya miguu yake mwachano anaoujua tangu utoto. Juzi tu aliusikia ukitoka kwenye ngoma ya mjomba.

Mashuke ya mpunga pande zote mbili yalianza kutetemeka. Upepo haukuwapo.

Gatini, Mzee Protasi alikuwa amelala kifudifudi, mkono majini. Aliinua mkono mwingine juu. Zimesikia. Kando yake Bi Tabu alisimama na kipaza sauti cha zahanati.

"Felisiana! Zima!"

Kuzima kulikuwa na maana moja. Matairi yasingemudu maji yale, na Mlango ungewatapika mtoni. Vitalu navyo havikuwa na pa kufungia kamba. Hakuzima.

Bi Tabu naye aliliona hilo, kwa kuwa hakuwa mjinga hata siku moja. Akabadili maneno. "Tupeni udongo! Wote wa Mkiani, tupeni udongo majini!"

Wimbo ulikatika. Watu wakatazama vyombo vyao, kisha wakamtazama Felisiana kisogoni. Aliyahisi macho hayo. Alikuwa fundi, alijua, bila kuandika popote, kwamba mwenyekiti amesema kweli. Udongo ule wote ukitoka, Chura angeinuka, injini ingepanda, mapigo yangeshikana, na vitalu vingebaki. Ungetosha.

"Nautupa wangu," alisema Remigi, akiinuka na ndoo. "Mimi nimezoea kukaa kwa watu."

"Kaa chini. Ukisimama unaniyumbisha."

Bi Venansia hakugeuka. "Sema wewe, nahodha," alisema taratibu. "Ukisema tutupe, nitatupa. Sitakulaumu. Nitakuwa mgeni wa adabu."

Felisiana alitazama mpunga. Ulikuwa chakula cha kila mtu anayemjua. Mpunga hupandwa tena. Visiwa vilivyoachana huoana tena, na pilau ikaliwa. Alitafuta akilini kitu ambacho kingemrudishia mwanamke huyu mlango wake, hakukiona.

"Kaeni na udongo wenu," alisema, na hakupunguza mafuta.

Kitalu cha kwanza kiliachia kwa sauti ya nguo inayochanika. Kikazunguka mahali pake, kama kinachoaga, kikashuka na maji. Kikafuata cha pili. Cha tatu kilikuwa cha Mzee Protasi. Alikitazama kikipita mbele ya pua yake, mkono ungali majini. Chura alipogusa gati, Mlango haukuwapo tena. Palikuwa na maji wazi mpaka mtoni, na mkia wa dhahabu ukielekea mbali.

Felisiana akazima injini. Watu wa Mkiani walishuka mmoja mmoja na vyombo vyao, wakikanyaga taratibu kama walioingia nyumba yenye msiba.

*

Baraza lilikaa kesho yake mchana. Ukutani, mahali pa injini, palibaki doa jeupe. Watu wa Mkiani walikaa nyuma kabisa, udongo mapajani; hawakuwa wameruhusiwa kuupanda mpaka shauri liishe.

Ngoma ya talaka ilikuwa katikati, na mbele yake bakuli la maji. Desturi ilijulikana. Mkosaji hutia kiganja majini na kusema "nimekosa, niwieni radhi," na shauri linazikwa hapo hapo. Asiyesema, mpiga ngoma huenda mlangoni kwake, na kipande cha ardhi chenye nyumba yake kinapewa talaka, yeye akiwa juu yake.

Bi Tabu hakupaza sauti. "Hakuna aliyekufa, na namshukuru Mungu, na nakushukuru wewe. Nasema hivyo mbele ya wote. Lakini nina swali. Nilipowaambia watupe udongo, ungetosha au usingetosha?"

"Ungetosha, Mama Mwenyekiti."

Ukumbi ukavuma. Mtu mmoja akasema, "Si kwa sababu ya bwana yake?" na mwingine akajibu, "Bwana mwenyewe alitaka kutupa, yeye akamkataza," na kicheko kikapita na kufa.

"Kwa hiyo ulichagua," Bi Tabu aliendelea. "Nina watoto wangapi humu ambao hawatashiba mpaka masika? Watakula udongo huo?"

"Hapana. Watakula nusu sahani, na mimi nitakula robo. Vitalu vinne vimenasa kwenye miti chini ya kona, nimeviona leo asubuhi. Kwa injini ile ile nitaviburuta mpaka hapa, na vingine nitakavyovipata, hata ikichukua mwaka. Nilikosea hesabu ya uzito, na hilo nimelisema kabla hamjaniuliza. Mkitaka nisikanyage tena gerejini, sikanyagi. Adhabu napokea."

"Basi tia kiganja."

Mzee Protasi alisogea. Alikuwa ameshika kigongo cha ngoma. Ndiye aliyemlea Felisiana tangu mama yake alipofariki. Ndiye ambaye, mpwa wake akikataa, angetumwa mlangoni kwake.

"Neno moja tu, mwanangu," alisema chini chini. "Limesemwa na wezi. Limesemwa na walevi. Halimbandui mtu ngozi. Usinipeleke mlangoni kwako na hii ngoma."

Hapo ndipo Felisiana alipotaka kulia, na akakataa kulia. Aligeuka akatazama nyuma ya ukumbi. Bi Venansia alikuwa amelifunika beseni kwa khanga, kama mtu anayeficha mtoto asisikie.

"Mjomba," alisema, na alisema kwa sauti ya kufika nyuma, "mpunga wako ulikwenda mbele ya macho yako, na nitakulimia mpaka mikono ichubuke. Lakini neno hilo mnalolitaka, wale pale wanalisubiri. Nikilitamka, mtoto wa Mkiani atakua akijua kwamba udongo wa mama yake ni kosa lililosamehewa. Na siku kisiwa kingine kitakapokwenda na maji, fundi atakayekuwapo atalikumbuka neno langu, atazima injini, na nyote mtasema tuwaombee."

"Felisiana," alisema Bi Tabu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Kiganja tu."

Alilitazama bakuli. Maji yalikuwa yametulia, na dari la ukumbi lilionekana ndani yake. Akalisogeza kando kwa mguu, taratibu, lisimwagike.

"Kapige ngoma kama utapiga, mjomba. Siombi radhi."